Nimerudi Nyiragongo baada ya miaka 9, safari hii bila mzigo wa mtu

Mbebaji_wa_Zamani (Agosti 2019)

Ndugu zangu, salamu kutoka Goma, mashariki mwa Kongo. Kesho kutwa narudi Lubumbashi. Naandika nikiwa nimelala chali, magoti yamefungwa kitambaa cha maji ya moto, kwa hiyo makosa ya herufi mnisamehe.

Wengi humu mnanijua kama yule mtu wa Katanga anayelalamikia umeme. Kabla ya hapo nilikuwa mtoto wa mtaa wa Majengo, hapa hapa Goma. Mwaka 2010 mbuga ya Virunga ilipowafungulia tena watalii njia ya kupanda Nyiragongo, volkano yetu, nilikuwa mmoja wa vijana waliokuwa wakiamkia Kibati, njia inapoanzia, kungoja mzigo. Mbebaji. Nilipanda mara 14 mwaka ule. Idadi naijua kwa sababu nilikuwa nachonga alama kwenye fimbo, na fimbo hiyo mama aliitunza nyuma ya mlango mpaka leo. Mara zote 14, kitu nilichokiona vizuri ni visigino vya mtu aliyenitangulia.

Halafu shemeji akaniitia kazi Lubumbashi, nikaenda, mambo yakawa mambo. Ndoa, watoto, kodi ya nyumba. Goma nilirudi mara mbili, zote za msiba, na mtu aliyekuja matangani hapandi mlima. Safari hii nimekuja kwa harusi ya mdogo wangu, nikajiambia: siku mbili za mwisho ni zangu.

Nimelipia kama mteja. Mke wangu alipojua kiasi, kimya chake kwenye simu nilikisikia vizuri zaidi kuliko maneno.

Kwa wasioijua Goma: kwetu pikipiki ni moto. Kwa hiyo nikisema asubuhi nilipanda moto kwenda kuangalia moto, sijachanganyikiwa. Ni kilomita kama 15 kwenda kaskazini, barabara ya Rutshuru. Njiani unanawa mikono maji ya klorini, unapimwa joto kwenye paji la uso, unanawa tena. Ebola imefika mjini tangu mwezi uliopita, basi mji mzima unanuka dawa. Hata Kibati ukifika, kabla ya kusaini daftari, ndoo inakusubiri.

Pale Kibati niliaibika kidogo. Vijana walikuwa wamekaa ukutani vile vile tulivyokuwa tunakaa sisi, na mmoja, kama miaka 20 hivi, akaja akachukua begi langu mgongoni bila kuuliza. Nikamwambia nitalibeba mwenyewe. Akaniangalia tumbo, akaniangalia miguu, akasema taratibu: «Mzee, sisi tunakula kwa begi.» Mimi mzee! Nina miaka 31. Lakini neno lake lilikuwa la haki, nilikuwa nimelisahau. Mtalii aliyebeba begi lake mwenyewe tulikuwa tunamwona mwizi. Nikampa.

Njia yenyewe haijabadilika sana. Kutoka Kibati, kwenye mita 1,980 hivi, mpaka ukingoni mita 3,470, ni kama kilomita 8 tu, lakini kilomita hizo zimesimama. Mwanzo ni msitu na udongo laini, unajidanganya. Kisha unaingia kwenye mawe ya mlipuko wa 2002, yale meusi mepesi yanayoviringika chini ya mguu kama mahindi yaliyomwagika sakafuni. Ukifika Shaheru, lile shimo la volkano ya kale lililoota majani, hewa inaanza kubadilika. Askari wa mbuga, mmoja mbele mmoja nyuma, bunduki begani, hawana haraka. Wanasimama tu wakikusubiri uache kuhema kama mvukuto.

Kati ya mawe hayo ndipo kiatu kilinisaliti. Mabuti yangu ya 2010 mama alikuwa ameyaweka kwenye sanduku. Nikayapiga rangi, nikajiona mjanja. Gundi ya miaka tisa kumbe imekuwa unga. Soli ya kulia ilifunguka kama mdomo wa sambaza, wale samaki wadogo wa Ziwa Kivu, kila hatua inasema pwa, pwa. Yule kijana akakaa chini, akafungua kamba ya mpira wa ndani wa tairi aliyofungia begi langu, akaikata kipande kwa jiwe, akazungusha mara tatu juu ya kiatu, akapachika ncha yake chini ya mkanda wenyewe. Hakufunga fundo. Nikamuuliza kwa nini. «Fundo litakuumiza kwenye mteremko.» Yeye alikuwa amevaa buti za mpira, zile za mvua, bila soksi. Kipande hicho cha mpira kimenifikisha juu na kunirudisha. Nimekuja nacho nyumbani, kiko hapa mezani.

Sehemu ya mwisho, baada ya miti kuisha, ni ukuta. Kuna zile lobelia zilizosimama kama mishumaa, baridi inapenya. Nilikodi mjini koti na mfuko wa kulalia, mahali sitapataja, zipu ya mfuko ilikuwa imekufa zamani na aliyenikodisha alijua, maana aliukunja zipu ikiwa ndani. Usiku nililala nimejifunga kama mandazi.

Sasa ukingoni.

Zamani tulikuwa tukifika tunatua mizigo, tunawasha makala, tunapika chai ya wageni, tunapanga vitu. Ukingoni tulikuwa tunaenda kwa zamu, dakika tano, unaangalia, unarudi kwenye sufuria. Safari hii nilikaa kuanzia saa kumi na mbili jioni mpaka saa nane usiku. Hakuna aliyeniita.

Shimo lina upana wa zaidi ya kilomita moja, kuta zake zinashuka wima kwa ngazi, na chini kabisa lile ziwa la moto. Mchana unaona moshi mwingi. Giza likiingia ndipo linafunguka. Juu ya ziwa kuna utando mweusi, kama ule wa uji uliopoa. Utando unapasuka, mstari mwekundu unakimbia kutoka upande mmoja hadi mwingine, kipande kizima kinasogea polepole hadi pembeni, kinainama, kinazama. Halafu kingine. Sauti yake ni kama Ziwa Kivu usiku likipiga mawe ya Himbi, ila inatoka chini sana na haipumziki. Na kuna kitu ambacho mwaka 2010 hakikuwepo: kilima kidogo upande mmoja wa sakafu ya shimo, mdomo mpya uliofunguka mwaka 2016. Nacho kinatema peke yake, bila kulijali ziwa.

Lakini kilichonifanya niandike uzi huu si moto. Nilipogeuka nyuma.

Kutoka ukingo wa kusini unaona Goma na Gisenyi ya Rwanda zimeshikana kando ya ziwa, taa tupu. Enzi zetu tulikuwa tunashindana kutafuta Majengo. Na kati ya taa za mji na mguu wa mlima kulikuwa na giza, giza pana kabisa, huoni hata jiko. Safari hii lile giza nilitafuta sikuliona. Taa zimepita Munigi, zimepanda Buhene, moja moja zimekuja mpaka huku Kibati. Nilipiga picha na simu. Nikamwonyesha kijana. Akasema, «Pale ndiyo kwetu,» akanyoosha kidole mahali ambapo zamani palikuwa giza.

Nitaendelea kesho na habari ya kushuka, ambayo ni habari ya magoti tu.

---

Nyawera_Boy (Agosti 2019)

Kaka, miaka 31 umeitwa mzee na hukumtupa shimoni? 😂

Sisi wa Bukavu tunauliza la maana: baridi ni ya namna gani? Ya mlima wetu wa Kahuzi au zaidi?

---

Mbebaji_wa_Zamani

Zaidi. Kahuzi unashuka ukalale kwako. Huku unalala nayo. Chupa ya maji nikiiacha nje ya kibanda, asubuhi meno yanakataa.

---

Mzee_wa_Birere (Agosti 2019)

Mwanangu, umeandika vizuri ila umeruka jambo. Hilo giza unalolikumbuka halikuwa bure. Mimi nilikuwa kijana tarehe 10 Januari 1977. Ziwa lote lile lilitoka kupitia nyufa za ubavuni kwa muda usiofika saa moja. Lava ya Nyiragongo si kama ya milima mingine. Silika yake ni kidogo sana, basi ni nyepesi, inakimbia kama maji ya mtaro. Siku ile watu hawakupata hata nafasi ya kuita watoto. Kuna ndovu walinaswa humo, lava ikapoa ikiwa imewazunguka, mwili ukaoza, pakabaki tundu lenye umbo la ndovu. Baada ya hapo nani angejenga kule? Tuliacha giza kwa akili.

Halafu 17 Januari 2002 ikatufuata hadi mjini kati. Ilipita Birere naiona kwa macho. Ikala sehemu ya uwanja wa ndege, ikaenda kuzimika ziwani kwa kishindo na mvuke. Watu wote Gisenyi. Siku ya tatu watu walikuwa wanarudi wakitembea juu ya mawe yenye joto, soli zinanuka.

Wazee wa zamani huku walisema roho za watu wabaya ndizo zinatupwa Nyiragongo. Mimi ni mkristo, lakini kelele ile niliyoisikia 2002, siwezi kuwabishia.

---

OldonyoMtu (Agosti 2019)

Habari zenu wakuu, mimi ni wa Arusha, napita tu. Nimepanda Ol Doinyo Lengai mara mbili. Kwetu unaanza kupanda usiku wa manane ili jua lisikukaange, na lava yake ni ya ajabu: ikitoka ni nyeusi kama oili chafu, haina joto kubwa kama hizo zenu, ikikaa siku chache inageuka nyeupe. Mkuu Mbebaji, hizo zenu zikipoa zinabaki nyeusi milele? Na watu wanazifanyia nini?

---

Fundi_wa_Rusayo (Agosti 2019)

@OldonyoMtu Goma yote ni hayo mawe. Ukuta ni hayo, barabara ni hayo, msingi ni hayo. Watu wanavunja kwa nyundo wanauza kokoto. Nyumba yenyewe mara nyingi ni mbao, kwa sababu kuchimba msingi kwenye jiwe la 2002 utavunja chuma chako chote, na mbao siku ya kukimbia haikulizi sana.

Mimi naweka mabati. Nitawaambia kitu ambacho aliye juu ukingoni hakioni. Ule moshi mnaoupiga picha unaelekea kwetu Rusayo, magharibi. Mvua inayopita ndani yake inashuka na asidi. Bati ambalo sehemu nyingine linakaa miaka mingi, Rusayo unalikuta limetoboka kama kichujio, na mteja ananilaumu mimi kwamba nimeleta bati bovu. Na maji ya bati hilo hilo ndiyo tunayokinga kunywa, maana chemchemi hatuna, jiwe linanyonya yote. Angalia meno ya watoto wetu, yana madoa ya kahawia. Ni floridi hiyo.

---

Nyawera_Boy

Fundi umeniharibia usiku. Na mazuku, ile hewa inayoua, je? Nasikia ziko hata mjini.

---

Fundi_wa_Rusayo

Ziko. Upande wa Lac Vert, Bulengo, hata kwenye viwanja vya Himbi. Mazuku ni hewa tu, kaboni dioksidi inayotoka ardhini. Ni nzito, inalala kwenye mashimo. Mtu mzima aliyesimama anaweza asijue, mtoto au mbuzi aliyeteremka shimoni asirudi. Mbaya zaidi alfajiri kabla jua na upepo havijaitawanya. Ukiona ndege wamekufa shimoni, geuka.

---

Mama_Sambaza (Septemba 2019)

Mwanangu Mbebaji, aksanti. Nimesoma yote. Ile giza unasema ya zamani, ni sisi tulikuja kujenga mo. Mimi niko Buhene tangu mwaka uliopita. Mu ville, mjini, kiwanja hakipatikane tena kwa pesa ya mama wa sambaza. Kule nilipata, nyumba ya mbao vyumba mbili, na jikoni nje. Ninaachaka taa ya sola inawaka usiku kucha mbele ya mlango, juu ya wezi. Kwa hiyo ile usiku uliangalia, moja ya zile taa ni yangu. Ungenisalimia.

---

Mbebaji_wa_Zamani

Shikamoo mama. Kumbe tulionana. Mimi ndiye yule aliyekuwa akitetemeka juu kule.

---

Mzee_wa_Birere

Mama, sikutishi, lakini weka begi karibu na mlango. Vitambulisho, diploma za watoto, unga kidogo. Mimi langu liko pale tangu 2002.

---

Mama_Sambaza

Baba, begi iko. Ni pesa ya kuweka ndani ndiyo haiko.

---

OldonyoMtu (Februari 2020)

Wakuu, nimeshaanza kuweka akiba nije mwezi wa sita. Mbebaji, yule kijana wa mpira wa tairi bado yupo Kibati? Ningependa abebe begi langu.

---

Mbebaji_wa_Zamani (Aprili 2020)

Mkuu, ahirisha. Mbuga imefunga kwa sababu ya korona. Nilimpigia. Wote wako nyumbani, yeye anasukuma chukudu, ile baiskeli ya mbao ya mizigo, ya viazi kutoka Kibumba. Anasema mteremko wa chukudu ni mgumu kuliko wa mlima, maana breki ni kiatu chako.

---

Nyawera_Boy (22 Mei 2021)

NAFUFUA UZI. Walioko Goma, semeni kitu. Huku Bukavu watu wanapokea simu kwamba mlima umetoka. Picha zinaonyesha anga nyekundu. Mbebaji? Mzee? Mama?

---

Mzee_wa_Birere (22 Mei 2021, usiku)

Ni kweli. Saa moja jioni mbingu iliwaka. Tuko njiani na begi kuelekea mpakani. Umeme umekatika sehemu nyingi. Watu ni wengi, godoro kichwani. Nitaandika nikifika.

---

Mbebaji_wa_Zamani (23 Mei 2021)

Nimepiga simu usiku kucha kutoka huku Lubumbashi. Familia yangu iko Gisenyi, wako salama. Kijana wa Kibati amepatikana pia, amelala Rugari kwa ndugu. Lava imekata barabara ya Rutshuru na imesimama Buhene, haikufika uwanja wa ndege.

Mama Sambaza, tafadhali andika neno moja tu.

---

Fundi_wa_Rusayo (28 Mei 2021)

Kwa walio nje: lava imesimama lakini ardhi haijasimama. Matetemeko usiku na mchana, ufa umepita katikati ya barabara. Jana alfajiri ilitolewa amri mitaa 10 kati ya 18 ihame. Sisi tumekuja Sake kwa miguu. Shule imejaa, kanisa limejaa, tunalala nje. Wengine wamepanda boti kwenda Bukavu. Nyawera, kama una nafasi ya mkeka kwako, kuna watu nitakutumia namba zao.

---

Nyawera_Boy

Wape yangu. Sebule iko wazi.

---

Mama_Sambaza (Juni 2021)

Wanangu, niko. Simu ilikosa moto wa kuchaji. Tulikimbia na watoto watano, wawili ni wa jirani, mama yao alikuwa sokoni. Tulifika Gisenyi usiku, kisha tukarudi, kisha tukaambiwa kuhama tena, Sake.

Nilienda kuangalia kiwanja juzi. Hapana hata ukuta wa jirani wa kunionyesha wapi nilikuwa ninakaa. Ni jiwe nyeusi tupu, na mvua ikinyesha inatoa moshi. Nilitambua mahali sababu ya mti wa avoka wa mzee mmoja, lava ilipita pembeni yake, nusu imekauka nusu iko na majani. Nilihesabu hatua kutoka pale. Nikafika mahali nilisema hapa ni mlango. Vijana walikuwa tayari na nyundo wanavunja mawe ya kuuza, wakaniambia mama toka kidogo.

Begi ilibaki. Nilishika watoto, begi nikasahau.

Mbebaji mwanangu, niko na ombi. Ile picha ulipiga usiku ule toka juu, bado unayo? Ile nyumba sikuipigaka picha hata moja. Nilikuwa ninangoja nimalize kupaka rangi.

---

Mbebaji_wa_Zamani (Juni 2021)

Mama, ninayo. Nimeifungua sasa hivi, nimeikuza mpaka imekuwa vijidoadoa. Mkono ulikuwa unatetemeka kwa baridi, basi kila taa imekuwa kama mstari mdogo. Upande wa Buhene nahesabu kama 40. Siwezi kusema ipi ni yako.

---

Mama_Sambaza

Tuma vile vile.